Fundi Mfaume na Mvua za Kilima Kimoja

Mfaume Uwesu, fundi bati wa Gongoni, ni mtu wa kuvumilia mengi. Mwambie kofia yake imechakaa, atacheka. Mwambie timu yake ya mpira ni ya wazee wenye magoti mabovu, atakubishia mpaka adhana ya alasiri, halafu atakununulia kahawa. Lakini usimguse kwenye vipimo. Pishi, kibaba, kopo la mafuta ya taa, chochote cha kupimia kilichotoka chini ya nyundo yake, ukisema kimepungua, umemtukania ukoo mzima.

Na ukoo wenyewe ni wa watu wa bati tangu zamani. Babu wa babu yake aliingia Tabora kwa miguu, enzi za misafara, akiziba masufuria ya wapagazi yaliyotoboka njiani. Alipoona kazi iliyopo hapa inamtosha, akatua mzigo, akaoa, akabaki. Baba yake, mzee Uwesu, ndiye aliyekuwa akitengeneza pishi za soko zima. Kila pishi akiimaliza aliijaza mtama mbele ya mnunuzi, akapitisha ubao juu yake kusawazisha, kisha akaumimina mtama ule kwenye pishi yake mwenyewe aliyoirithi. Ikizidi au ikipungua hata punje, haiuzwi.

Mfaume alipokuwa na miaka kumi na saba alitengeneza pishi kumi na mbili peke yake. Alijiona amefika. Mzee Uwesu akazipima moja moja, akakuta tatu zimepungua kiasi cha kiganja. Alizipanga zote kumi na mbili juu ya fuawe akaanza kuzipondaponda.

"Lakini baba, tisa zilikuwa sawa!" Mfaume alilia.

"Na mnunuzi atajuaje ni zipi?" mzee akamjibu, nyundo ikiendelea.

Tangu siku ile, miaka arobaini na minne sasa, Mfaume hajatoa kipimo bila kukipima mara tatu. Plastiki ilipoingia na ndoo zake za rangi rangi, mafundi wenzake wengi walifunga virago. Yeye alijikaza kisabuni. Akageukia majiko ya mkaa, gata za kukingia maji ya mapaa, na keni za kumwagilia vitalu vya tumbaku. Kazi ikawa ndogo, jina likabaki kubwa. Ukiuliza Kanyenye au Gongoni nani akutengenezee kitu cha bati kisichovuja, utaelekezwa kwake.

Basi mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuja Bhavesh. Huyu Bhavesh ana duka la mbegu na zana za kilimo mtaa wa pili, na babu yake alikuwa mteja wa mzee Uwesu.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kununua au kupiga soga?"

Alikuja kuagiza. Alitaka vipima mvua viwili, vya kugawa kwa wateja wake wawili huko Uyui, ng'ambo ya Isikizya. Huko kuna kilima ambacho wenyeji wanakiita Lugulu tu, yaani mlima, ingawa ukisimama juu yake huoni sababu ya kujivuna sana. Upande wa mawio kuna kijiji cha Mwanhoja, anakolima mama mmoja mjane, Nyamizi. Upande wa machweo kuna Ibushi, anakolima Limbu, mzee mwenye sauti kubwa na mashamba mapana. Bhavesh alichoka kuuza mbegu halafu kurudishiwa lawama kwamba hazikuota. Watu wanaona wingu moja wanakimbilia kupanda, jua linarudi, mbegu inaungua ardhini. Sasa aliwaambia hawa wawili wasome kipimo kila asubuhi, na wasipande mahindi mpaka maji yafike alama fulani ndani ya siku tatu.

Kipima mvua si kitu cha ajabu. Juu kuna mdomo mpana kama wa faneli, unakinga mvua. Chini kuna bomba jembamba linaloyapokea maji, na ufito wenye alama wa kuchovya ndani na kusoma. Siri yote iko mdomoni. Mdomo ukiwa mwembamba kuliko ulivyopangwa, hata kwa upana wa ukucha, kila mvua utakayoipima itasomeka pungufu, na wewe hutajua.

Cha kwanza Mfaume alikitengeneza Jumatatu kwa raha zake, akiimba. Cha pili alikishika Jumatano, na Jumatano ile ndiyo Najiat, mke wake, alipelekwa chumba cha upasuaji kutolewa uvimbe tumboni. Walimwambia mume arudi saa kumi. Akae nyumbani afanye nini? Akaenda karakanani, akakata bati, akakunja, akalehemu, huku akili yote iko hospitali. Saa kumi akatupa nyundo akakimbia. Najiat alitoka salama, alhamdulillahi, na kwa furaha hiyo Mfaume akasahau kila kitu kingine. Bhavesh alikuja akavichukua vyote viwili, akapeleka kimoja Mwanhoja na kingine Ibushi.

Mvua za kwanza zikanyesha Novemba. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba, duka la Bhavesh limejaa watu, Mfaume mwenyewe amesimama kaunta akichagua misumari. Limbu akaingia. Hakusalimia. Alipiga daftari juu ya kaunta mpaka mizani ikaruka.

"Nani hapa anaitwa Mfaume?"

"Mimi hapa, bwana. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Wewe umetupunja!"

Duka lote likageuka. Limbu akafungua daftari, akaweka kando yake karatasi aliyoipata kwa Nyamizi. Akasoma kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Tarehe fulani, Mwanhoja milimita arobaini na moja, Ibushi ishirini na tatu. Tarehe nyingine, Mwanhoja thelathini, Ibushi kumi na sita. Mvua ileile, siku ileile, kilima kimoja. Mwanhoja walipanda mahindi wiki mbili zilizopita, yamefika kifundo cha mguu. Yeye Limbu bado anakodolea macho ufito wa fundi, kwa sababu maji hayafiki alama.

"Wenzangu Ibushi wamenicheka. Wao walipotazama ng'ambo na kuona Mwanhoja wanapanda, wakapanda. Mimi mjinga nikakaa na kopo lako. Umebana mdomo wa kipimo changu, bati ukaokoa la kutengenezea vijiko!"

Kuna mtu nyuma akacheka. Kicheko kile kilimwingia Mfaume kama mwiba. Alifungua mdomo ajibu. Siku nyingine yoyote angeapa kwa sauti kwamba kila kipimo chake amekipima mara tatu. Lakini wakati ulimi unajiandaa, akili ikamrudisha Jumatano ile. Alikumbuka kukata bati. Alikumbuka kulehemu. Kuchukua bikari na kupima mdomo hakukumbuka kabisa. Alitafuta kichwani kote, hakuna.

"Nitakuja kukiangalia," alisema kwa sauti ndogo, akatoka bila misumari yake.

Zilifuata siku mbaya. Mjini hapa habari haihitaji gari. Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja alileta pishi aliyoinunua kwake miaka sita nyuma, akauliza kwa adabu kama inaweza kupimwa upya. Kwa adabu! Bora angemtukana. Ijumaa khatibu alipogusia watu wanaopunja vipimo, Mfaume alihisi msikiti mzima unamtazama kisogoni, ingawa ukweli ni kwamba wengi walikuwa wanasinzia. Nyumbani alikula kidogo, akazungumza kidogo. Najiat alipouliza, alisema ni mgongo. Angemwambiaje? Angesema, nilikuwa nakuwaza wewe, nikaharibu jina la baba? Mama wa watu ndiyo kwanza kidonda kimefunga.

Akaamua moyoni. Kama kosa ni lake, ataponda kila kipimo kilichomo karakanani, atafunga mlango, atakaa nyumbani. Haiwezekani mkono ufanye kazi ya kuaminiwa halafu mwenyewe hajui uliifanyaje.

Wiki iliyofuata Bhavesh alimpakia kwenye pikapu yake wakaenda Ibushi. Mfaume alikuwa na bikari mfukoni na moyo kooni. Limbu aliwapokea na majirani wanne, mashahidi wake, wamekaa kwenye magogo kabisa kama barazani.

Kipimo kilikuwa uwanjani, mahali peupe, juu ya nguzo. Mfaume alikiinamia, akatoa bikari. Mdomo ulikuwa umebonyea upande mmoja. Haukuwa duara tena, ulikuwa umbo la yai.

"Nini kimekipata?"

"Dume langu la ng'ombe lilijikuna hapo wiki ya kwanza," Limbu alisema. "Usianze kusingizia ng'ombe. Kimebonyea kidogo tu."

Mfaume alipima huku, akapima kule. Kwa upana unazidi, kwa wembamba unapungua. Huenda duara lilikuwa sawasawa kabla ya ng'ombe. Huenda halikuwa. Bati lililobonyea halisemi lilikuwaje mwanzo. Angetaka angeweza kuwaambia ni sawa, nani angembishia? Lakini alinyanyuka akasema ukweli.

"Sijui. Wallahi, sijui."

Majirani wakatazamana. Limbu akapiga makofi mawili ya dharau. "Mmesikia? Fundi mwenyewe hajui!"

Bhavesh alimwonea huruma, akamvuta kando kwenye kivuli cha pikapu. "Mzee, ngoja nikusikilizishe kitu. Juzi nilimweleza dada yangu habari hii. Riya, unamkumbuka? Yuko Kanada sasa."

Mfaume alimkumbuka vizuri. Binti mdogo aliyekuwa akija karakanani kuokota vipande vya bati vinavyong'aa. Bhavesh akafungua ujumbe wa sauti kwenye simu, sauti ya Riya ikatoka, Kiswahili cha Tabora kisafi kabisa, kama vile kasimama Kanyenye sokoni.

"Shikamoo, Mzee Mfaume! Kaka ameniambia wanakusumbua. Sasa sikiliza vituko vya huku. Huku theluji inashuka milimani, nyeupe, inajaa mpaka kiunoni, na watu wazima na akili zao wanajifunga vibao miguuni, wanapanda juu, halafu wanateremka kwa kuteleza. Wanalipia kabisa! Basi mji wangu una milima miwili, ukisimama mmoja unauona wa pili. Mmoja unapata theluji ya kufukia nyumba, wa pili unapata ya kusuasua. Kila mwaka wenye milima wanatuhumiana kwamba jirani anadanganya kwenye rula. Kumbe wala. Upepo wenye maji ukikutana na mlima unasukumwa juu, huko juu ni baridi, unabwaga mzigo wake hapohapo. Ukivuka na kushuka ng'ambo umebaki mkavu. Mlima wa mbele unashiba, wa nyuma unaambulia masalia. Waulize hao wazee upepo wao unatoka wapi. Nisalimie Mama Najiat!"

Mfaume aliomba asikilize tena. Alisikiliza mara tatu, kama anavyopima. Ilimjia hamu ya kuamini, na hapo hapo akaiogopa hamu hiyo, maana mwenye kosa naye hupenda kusikia maneno kama hayo.

Walizunguka Lugulu kwenda Mwanhoja kwa Nyamizi. Alikuwa anapalilia, akasimama, akafuta mikono, akapiga goti kidogo kuwasalimu. Mama wa maneno machache. Kipimo chake kilikuwa safi, duara halina ila. Mfaume alikipima, akakuta sawa kabisa. Alikijua kwa mshono wake, hicho ndicho cha Jumatatu, alichokitengeneza akiimba.

"Mama, mvua zenu zinatokea wapi?"

Nyamizi alionesha mawio bila hata kufikiri. "Huko. Zinakuja zimebeba, zinaparamia Lugulu, zinamwaga. Zikivuka kwa kina Limbu zimeshachoka. Mama mkwe wangu alizaliwa Ibushi, alikuwa akisema aliolewa kwenye maji. Hili si jambo geni. Tazama huko juu miti ilivyolala."

Mfaume akatazama. Kweli, miti yote ya kileleni ilikuwa imelalia upande wa machweo, kama watu wanaosukumwa mgongoni. Na upande huu wa kilima nyasi zilikuwa zimejaa, wakati upande wa Ibushi aliona miiba na mawe matupu.

"Sasa mbona hukumwambia Limbu?"

"Limbu anaambiwa?" Nyamizi akacheka, na Bhavesh naye akacheka, maana anamjua mteja wake.

Hapo Mfaume akapata wazo, na wazo lenyewe halikutoka mbali. Pishi mbili zikigombana sokoni, unafanyaje? Unabadilisha. Unachukua ya huyu unampa yule, unatazama upungufu umemfuata nani. Kama umefuata pishi, fundi ana kosa. Kama umebaki kwa mtu, fundi hana kosa.

Waling'oa kipimo cha Nyamizi wakakipeleka Ibushi, wakang'oa cha Limbu, na ubonyevu wake wa ng'ombe bila kuunyoosha, wakakisimamisha Mwanhoja. Mfaume alitaka mashahidi, wakapatikana. Majirani wale wanne wa Limbu walipanda nyuma ya pikapu kuhakikisha hakuna mchezo.

"Sasa nina kipimo kizuri," Limbu alisema akikipigapiga kile cha Nyamizi. "Mvua ikinyesha mtaona. Na ikishaonekana, fundi, nitakuja pale dukani niseme tena, na watu wakiwa wengi zaidi."

"Njoo," Mfaume alimjibu. "Ikiwa hivyo utanikuta nimeshafunga karakana."

Mvua nayo ikagoma. Si ndiyo kawaida yake? Ukiwa huihitaji inakufuata mpaka chooni. Siku tatu jua kali. Siku ya tano mawingu yakakusanyika mchana, yakanguruma, yakaondoka. Mfaume alikuwa hafanyi kazi tena, alikuwa anatazama juu. Wapita njia walidhani anaswali istiskaa, swala ya kuomba mvua. Siku ya nane Najiat aliweka sinia la wali mbele yake, akakaa, akamkazia macho.

"Mgongo gani huu unaouma ukitazama mawingu?"

"Niache, mama."

"Nitakuacha leo. Kesho sikuachi."

Siku ya tisa ilinyesha. Ilianza alfajiri, ikapiga mabati ya Gongoni mpaka watu wanapiga kelele kusikilizana ndani ya nyumba. Mfaume alikaa mlangoni mwa karakana na simu mkononi. Sheria ya Bhavesh ilikuwa kusoma saa tatu asubuhi, na mvua ikikatika ndipo msomaji anachovya ufito. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Alijiambia akubali lolote. Alijiambia nyundo ya baba ataitunza, hataiuza. Alijiambia mengi ambayo mtu hujiambia akiwa anasubiri hukumu.

Simu ikalia. Nyamizi.

"Baba, thelathini na nane."

Kipimo kilichobonyea, kipimo cha Jumatano, kimesoma thelathini na nane. Ilikuwa nusu tu ya habari. Kama Limbu, kwa kipimo kizima, atasema sitini au zaidi, basi Ibushi walikuwa wakipata mvua sawa na wenzao siku zote, na kipimo cha awali kiliwapunja.

Limbu hakupiga. Ilibidi Mfaume ampigie mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Enhe," sauti ile ikajibu, leo ndogo.

"Mzee Limbu, umesoma?"

Kwa mbali jogoo akawika.

"Nimesoma mara nne," Limbu alisema. "Nimemwita mke wangu naye akasoma. Nimemwita na yule jirani mwenye miwani."

"Ngapi?"

"Ishirini na moja."

Mfaume aliomba arudie. Akarudia, ishirini na moja. Vipimo vimehama, upungufu haukuhama. Umebaki palepale Ibushi, nyuma ya kilima, ulikokuwa tangu enzi za mama mkwe wa Nyamizi na kabla yake. Mkono wa Jumatano haukukosea. Hata akili ilipokuwa hospitali, mkono ulijua kazi yake.

Simu aliiacha juu ya fuawe bila kuaga. Akasujudu hapohapo, kati ya vipande vya bati na mabaki ya lehemu, na alipoinuka paji la uso lilikuwa na vumbi jeusi na mashavu yamelowa. Alijihisi mwepesi mpaka akaogopa kusimama ghafla. Siku kumi na tisa alikuwa amebeba gunia, na sasa limetuliwa, na mabega hayajui yafanye nini. Alicheka peke yake. Muuza kahawa aliyekuwa anapita aliharakisha hatua.

Alikwenda nyumbani mchana ule, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa. Akamwambia Najiat yote, tangu Jumatano ile mpaka ishirini na moja. Najiat alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua kanga akampiga nayo begani.

"Siku zote hizi unalala na hilo kifuani, mimi nakukanda mgongo kwa mafuta ya karafuu! Mafuta yangu yote!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe." Lakini alikuwa anafuta machozi kwa kanga ileile. "Mimi nilidhani wamekuambia kitu hospitali. Nilidhani ugonjwa umerudi na unanificha. Nimekuwa nakutazama unavyotazama mawingu, nikasema mwenzangu ananiombea kaburi lenye kivuli."

Mfaume alipigwa na butwaa. Katika mawazo yake yote hilo halikumpitia. Kumbe nyumba moja ilikuwa na hofu mbili, kila mmoja na yake, na kila mmoja anamficha mwenzake kwa nia njema. Aliapa hakuna alichoambiwa, kidonda kimepona, daktari amesema hivyo mbele yake. Najiat akamfanya arudie, naye akarudia kwa furaha. Walikula pamoja siku ile, sinia likabaki jeupe.

Januari ilipoingia, matokeo yakaonekana mashambani. Wale wa Ibushi waliopanda kwa kutazama ng'ambo mbegu zao ziliungua, wengine walikuwa wanapanda mara ya pili. Limbu aliyekaa na kopo lake akisubiri, akapanda maji yalipotimia, na mahindi yake yalisimama peke yake kijiji kizima. Halafu wiki moja upepo ukageuka, ukaja kutoka machweo siku mbili mfululizo. Ibushi ikapata thelathini na tano, Mwanhoja kumi na tisa. Limbu alimpigia Nyamizi saa hiyohiyo kumuuliza, kwa upole wa kinafiki, kama anahitaji kuazimwa maji.

Na Jumamosi moja aliingia tena dukani kwa Bhavesh. Alikuwa amepiga simu mapema kumwomba Bhavesh amwite fundi, na kumwomba asimwambie kwa nini. Duka lilikuwa limejaa kama ile siku. Limbu alivua kofia.

"Asalaam aleikum," alisema, ingawa yeye si mtu wa salamu hiyo. Wote wakaitikia. Akageuka kuwaelekea watu, si kumwelekea fundi.

"Mwezi uliopita mimi Limbu nilisimama hapa nikasema huyu bwana ametupunja. Nilisema kwa sauti, na mnajua sauti yangu. Leo nasema kwa sauti ileile. Nilikosea. Kipimo kilikuwa sawa. Nilichokuwa nabishana nacho ni Lugulu, na Lugulu hauna masikio. Kama ningemsikiliza kila aliyenicheka, saa hizi ningekuwa nakula mbegu za mkopo. Aliyecheka siku ile, kama yupo, naye aseme."

Mtu mmoja alitazama sana viatu vyake.

Limbu sasa akamgeukia Mfaume. "Na kingine. Ibushi tunavuna mwezi wa tano. Kila mwaka tunagombana na wanunuzi juu ya vipimo, kila mnunuzi anakuja na debe lake limetanuliwa makalio. Tumekaa kikao. Kijiji kimeamua kitakuwa na pishi yake moja, mtu asiyeitaka aondoke na gari lake tupu. Wameniuliza nani aitengeneze. Nimewaambia kuna mtu mmoja tu, niliyemsimamisha mwenyewe mbele ya mashahidi wanne, akaulizwa swali ambalo angeweza kudanganya, akasema hajui."

Mfaume alitaka kusema jambo la maana. Alikuwa nalo kabisa, lilikuwa tayari. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na Bhavesh amejifanya anapanga pakiti za mbegu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Basi akasema kile ambacho mafundi bati wa Gongoni wamekuwa wakiwaambia wateja wao tangu enzi na enzi.

"Njoo Alhamisi."

"Itakuwa tayari kweli Alhamisi?"

"Njoo na mtama," Mfaume alisema. "Tutaipima mbele yako."